Kijiji cha kadibodi: kumbukumbu ya mradi wangu wa Hemingford Grey

Novemba 9

Leo nimeanza rasmi. Ubao wa plaiwudi wa sentimita 120 kwa 60 umelala juu ya meza ya kulia, na mwenzangu wa nyumba ameshapewa taarifa kwamba kuanzia sasa tunakula kwenye sofa. Ameguna tu.

Kwa wasionijua: nafanya kazi za zamu za usiku hapa Cambridge. Siku za mapumziko hupanda lile basi linalopita kwenye njia yake yenyewe ya zege, lisilojua foleni, hadi St Ives. Nikishuka navuka daraja la mawe la karne ya 15, nakata majanini, na baada ya nusu saa hivi nimeingia Hemingford Grey. Ni kijiji kidogo kando ya mto Great Ouse. Kwenye ramani za leo kiko Cambridgeshire, ila wazee wa huku bado wanasema Huntingdonshire, jina la jimbo la zamani ambalo eneo lake liliingizwa Cambridgeshire mwaka 1974. Kina kanisa, nyumba ya kale yenye handaki la maji, nyumba za matofali, nyingine za paa la nyasi, na njia ya miguu inayofuata ukingo. Nimekipita mara nyingi mno hadi nimeamua kukijenga.

Kipimo ni 1:500, yaani mita 5 za ardhini ni sentimita 1 mezani. Ardhi ninaichonga kwa yale mapovu meupe yanayokuja ndani ya boksi la televisheni, juu yake plasta. Nyumba ni kadibodi na gundi nyeupe ya mbao. Mto nimeuchora juu kabisa, utepe wa bluu pembezoni mwa ubao. Ng'ambo yake na upande wa St Ives hakuna nyumba, ni majani matupu, kwa hiyo sijahangaika nako.

Novemba 23

Wiki mbili nzima zimeishia kanisani. Kanisa la St James limekaa pale mto unapokunja kona, na lina kilema ambacho ndicho uzuri wake: mnara hauna ncha. Mwaka 1741 ulivuma upepo mkali ukaing'oa, na wenyeji wanakwambia mawe yake yako chini ya maji mpaka leo. Badala ya kuijenga upya, walikilainisha kile kisiki kilichobaki na kukipamba kwa vitufe vya mawe. Ukisimama katikati ya majani unaona makanisa mawili kwa mpigo: la kijiji jirani cha Hemingford Abbots lenye ncha ndefu kama sindano, na hili lililokatwa kichwa. Huwezi kupotea.

Sasa hivyo vitufe. Kwanza nilibandika punje za pilipili manga. Nikarudi nyuma hatua mbili nikatazama: mnara ulionekana umebeba mizinga ya vita. Kwa hesabu ya 1:500, punje ya pilipili ya milimita 5 ni jiwe la mita mbili na nusu. Nikazibandua, nikafungua kopo la haradali. Punje ya haradali ni ndogo kiasi kwamba ukiibana kwa kibano inaruka na kupotelea chini ya friji. Nimepoteza kama kumi na tano. Zilizokubali kukaa nimezipaka kijivu kwa ncha ya kijiti cha meno, nikiwa nimezuia pumzi. Sasa mnara umependeza, na jikoni ukitembea pekupeku unakanyaga haradali.

Desemba 7

Nimekwenda kuitazama ile nyumba ya kale kwa ndani, wanapokea wageni kwa miadi. Ilijengwa miaka ya 1130, na inahesabiwa miongoni mwa nyumba kongwe kabisa Uingereza ambazo hazijaacha kukaliwa na watu. Pande tatu zimezungukwa na handaki la maji, upande wa nne ni mto wenyewe. Bustani ina miti iliyokatwa kwa mkasi ikawa mataji na kete za sataranji. Hiyo nitaitengeneza kwa sifongo ya kuoshea vyombo, upande wa kijani.

Kilichonikaa moyoni ni gramafoni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mwenye nyumba, bibi mmoja mwandishi wa hadithi za watoto, aliwakaribisha marubani na askari wa kambi za anga za jirani waje kusikiliza santuri. Gramafoni bado ipo na inapigwa. Pembe yake ni kubwa kuliko mtoto wa miaka kumi, na imetengenezwa kwa karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Karatasi na gundi! Nilitaka kuigusa nikaona aibu. Nimerudi nyumbani nikiitazama kadibodi yangu kwa heshima mpya.

Desemba 14

Hakuna nilichojenga. Nilitembea hadi Houghton, ng'ambo ya mto, kwenye kinu cha maji cha kale kilicho kwenye Great Ouse. Jengo la sasa ni la karne ya 18, matofali chini na mbao juu, lakini mahali penyewe pametajwa kuwa na kinu tangu mwaka 974. Bado wanasaga, nikanunua unga. Nimeupikia chapati. Zimetoka ngumu, za kutafuna ukiwa na nia. Kinu hakitaingia kwenye ubao, kiko mbali mno.

Januari 4

Siku mbaya. Nimemimina mto.

Wenye ujuzi watacheka. Resini, ile plastiki ya majimaji ambayo ikiganda inafanana na maji, huchanganywa na kigandishi chake, unakoroga taratibu ili mapovu yasiingie, unamimina, unaiacha igande. Nilichanganya nusu lita, nikaziba kingo za ubao kwa seloteipu, nikamimina nikajisifu. Nilichosahau ni tundu moja la waya nililokuwa nimelitoboa kwa ajili ya mti wa ukingoni nikabadili mawazo. Nililala. Asubuhi mto ulikuwa umeteremka kwa nusu, na nusu nyingine ilikuwa kwenye zulia, imeng'ang'ania kama utomvu wa fenesi. Na iliyobaki ubaoni haijagandika: chumba chetu ni baridi, na resini haipendi baridi. Ukiigusa inaacha alama ya kidole. Nimeusogeza ubao karibu na hita. Mwenzangu wa nyumba hajasema neno, na hilo ndilo linalonitisha.

Januari 11

Mvua imenyesha wiki nzima. Leo nimeshuka St Ives kama kawaida, nikavuka daraja, kumbe njia yangu haipo.

Uwanda wote wa majani umekuwa ziwa. Maji yametulia tuli kuanzia mtoni hadi kwenye vichaka vya mbali, rangi ya chai ya maziwa. Geti ninalolifunguaga kila wiki limebaki ncha tu, na mabata maji wawili weupe walikuwa wanapita juu ya mahali ninapotembeaga mimi, bila haraka. Kwa mbali kile kisiki cha mnara, na kijiji chote kikavu nyuma yake. Kijiji kimekaa juu ya changarawe iliyoletwa na mto wenyewe zamani, mwinuko ambao ukitembea hata huuhisi. Ni maji ndiyo yaliyonionyesha.

Halafu nikageuka nikalitazama lile daraja la pili. Ukishamaliza la mawe, barabara inaendelea kwenye tuta la matofali la mwaka 1822 lenye matao 55, mfululizo wa mita 210 na ushei. Nimelipita mwaka mzima nikijiuliza ni nani alilipwa kujenga matao yote hayo juu ya majani makavu. Leo maji yalikuwa yanapita chini yake, tao kwa tao, na magari juu yanakwenda zake.

Nilimtumia picha mjomba, Utete. Mimi ni mtoto wa Rufiji, maji ya mafuriko si hadithi kwangu. Akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Huo mto umetoka?"

"Umetoka. Hapo chini ni majani, kiangazi wanayafyeka wakayakausha, chakula cha ng'ombe."

"Na maji yakirudi yanaacha tope?"

"Yanaacha. Ndiyo mbolea yenyewe."

"Basi huo ndio mlau wao," akasema. Mlau kwetu ni lile shamba la bondeni unalolima maji yakishapungua, mahindi yanaota kwa unyevu ulioachwa. "Na kwenye kijiji chako cha maboksi umeuweka wapi?"

"Sijauweka, mjomba. Nafasi haikutosha."

Akanyamaza kidogo. "Umejenga kijiji cha mtoni, mto wenyewe umeuacha nje."

Nilimwambia mto upo, utepe wa bluu, sentimita nane. Alicheka mpaka akakohoa.

Januari 25

Nimenunua ubao wa pili, nimeuunga na wa kwanza kwa bawaba. Meza haitoshi, tumeleta na ubao wa kupigia pasi. Umbali halisi mpaka St Ives ungenihitaji mita tatu hivi kwa kipimo changu, kwa hiyo uwanda nimeufinya. Wajenzi wa vijiji vidogo wote hufanya hivyo, hata kama hawakiri. Nyasi ni vumbi la msumeno lililochanganywa na rangi ya kijani na kahawia, nimelichunga kwa chujio la chai juu ya gundi mbichi. Hilo chujio halitarudi kwenye chai.

Matao 55 sikuyafinya. Kwa 1:500 tuta zima ni sentimita 43 hivi, kila tao linapata chini ya milimita 8. Kukata kwa kisu kulinishinda kwenye tao la tatu. Suluhisho lilikuwa panchi ya kawaida ya kutobolea karatasi: tundu lake ni milimita 6. Unachora mstari katikati ya ukanda wa kadibodi, unatoboa tundu moja moja, kisha unaukata ukanda kwa urefu kwenye mstari huo huo. Unapata kanda mbili za nusu duara, yaani pande mbili za daraja kwa kazi moja. Nilipomaliza nilihesabu 54. Nikarudia, 54. Nimezitupa zote mbili na kuanza upya saa saba ya usiku. Hakuna atakayehesabu, najua. Mjomba angehesabu.

La mawe la St Ives nimelifanya kwa haraka zaidi, ila nimekumbuka kwamba matao yake mawili ya upande wa kusini ni ya duara wakati mengine yamechongoka. Hayo mawili yalijengwa upya mwaka 1716 baada ya uharibifu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Na kale kakanisa kaliko katikati ya daraja, katika Uingereza yote hayazidi machache ya aina hiyo, nimekachonga kwa kifutio.

Februari 15

Leo nimeweka mafuriko. Sikutaka kumimina resini tena, zulia lina kumbukumbu. Nimetumia plastiki angavu ya kifuniko cha boksi la keki, vipande vinne, nimevikata kwa kufuata picha za Januari 11: wapi geti lilibaki ncha, wapi maji yalikomea. Mistari ya kimo kwenye ramani inapishana kwa mita 5, na kwa uwanda tambarare namna hii haisaidii kitu. Chini nimepaka rangi ya chai ya maziwa. Siku za kawaida unaziondoa, majani yanaonekana. Mvua ikinyesha unaziweka.

Nimeziweka. Zimepenya chini ya matao kama zilivyotakiwa, zimefunika uwanda, zimezunguka handaki la ile nyumba ya kale, zimekomea kwenye ukuta wa kanisa. Nyumba moja tu imekataa. Ni ile yenye paa la nyuzi za kamba ya katani, kazi niliyoipenda kuliko zote. Niliibandika mwezi wa 11 mahali palipokuwa na nafasi, si mahali ilipo, na sasa maji yako madirishani.

Nimempelekea mjomba picha, nikamuuliza niibandue au niipandishe. Kwetu bondeni, kibanda cha kulindia shamba kinasimama juu ya miti mirefu, unapanda kwa ngazi, maji yanapita chini. Amejibu kwa neno moja: "Dungu."