Mlango unaolia kuliko spika: kubandika butili pasipo kuifuja

Weka spika mpya za inchi 6.5 kwenye Toyota IST au Probox, ongeza besi, na mlango utaanza kulia kabla spika hazijafika hata nusu ya uwezo wake. Dawa ya mafundi wengi ni moja: mikeka ya butili (mpira mzito unaonata) kila penye bati, kuanzia sakafu hadi dari. Mwenye gari analipia mikeka mingi, gari linaongezeka uzito, na kelele bado ipo. Butili hutuliza bati linalotetemeka peke yake. Vitu viwili vinavyogongana, kama waya na plastiki au kibao cha namba na buti, haiwezi kuvisaidia. Kwa kelele hizo kinachotakiwa ni sponji, utepe wa kitambaa na bisibisi.

Kwa hiyo itafute kelele kabla hujanunua chochote. Pakua programu ya kutoa mlio wa masafa mamoja (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi), iunganishe na redio, kisha panda polepole kutoka hezi 30 hadi 150. Mwenzako akae ndani akibonyeza kava la mlango, kishikio, swichi za vioo, dashibodi na mkanda wa kiti, kimoja kimoja. Sauti ikikatika mkono ulipo, umeipata. Andika masafa yake, maana utayarudia baada ya kazi. Kabla ya kulaumu bati, toa spika na uishike mkononi ikipiga taratibu: ukingo uliochanika, au nyaya ndogo zinazopiga koni (ile sehemu ya spika inayotetemeka), hutoa mlio unaofanana kabisa na wa bati. Amplifaya iliyosukumwa kupita kiasi nayo huchakaza sauti, na hapo hakuna mkeka utakaosaidia.

Kwenye vifaa, epuka ile tepu ya lami ya kuzibia mapaa inayouzwa madukani kama mbadala wa bei nafuu. Gari lililofungwa juani Dar es Salaam au Mombasa linaiva ndani. Lami inalainika, inanuka, inateleza na kushuka chini ya mlango. Chukua butili halisi yenye ngozi ya alumini, unene wa milimita 2. Alumini hiyo ina kazi: bati linapopinda, butili inabanwa kati ya vyuma viwili, na mtetemo unageuka joto kidogo. Mkeka usio na alumini ngumu unaongeza uzito tu. Kwa milango miwili ya mbele na mlango wa nyuma wa gari dogo, mita 2 za mraba zinatosha, nazo ni kama kilo 6 au 7. Ongeza sponji isiyonyonya maji, unene wa milimita 3 hadi 6, utepe wa kitambaa wa kufungia nyaya, rola ndogo, glavu (kingo za alumini hukata kama wembe) na klipu mpya za kava. Klipu za gari lililozeeka huvunjika zikitolewa, na kava lililorudishwa na klipu pungufu litakuwa chanzo kipya cha kelele.

Chomoa nguzo hasi ya betri na usubiri dakika chache, hasa kama gari lina eabegi za pembeni. Pandisha kioo hadi juu kabla ya kuchomoa betri. Fungua skrubu za kishikio, ng'oa kava kwa kifaa cha plastiki, kisha toa nailoni yote ya kuzuia maji iliyo nyuma ya kava, pamoja na gundi yake nyeusi; gundi hiyo hutoka vizuri ukiivuta kwa kipande cha gundi yenyewe.

Kusafisha ndiko kunakoamua mkeka utadumu au utadondoka. Vumbi la ndani ya mlango limechanganyika na mafuta ya reli za kioo. Futa kwa maji ya sabuni, kausha, malizia na alkoholi. Petroli isitumike, inaacha mafuta. Kwa joto la pwani mkeka uliokaa juani kidogo unanata wenyewe. Asubuhi ya Julai Nairobi utahitaji mashine ya hewa ya moto.

Bati la nje halihitaji kufunikwa lote. Ligonge kwa kidole: linapolia kama debe, ndipo pa kubandika. Ni kama ngoma, ukiweka kiganja katikati ya ngozi mlio unakufa, hulazimiki kuifunika yote. Robo ya eneo hadi theluthi inaleta sehemu kubwa ya nafuu. Pitisha rola kwa nguvu mpaka vinundu vya alumini vilale. Vikibaki vimesimama, ujue chini kuna hewa. Acha wazi matundu ya kutolea maji chini ya mlango. Ukiyaziba, mlango utajaa maji na kuoza kutoka ndani.

Bati la ndani ni hadithi nyingine, na hapa usibane matumizi. Lina matundu makubwa ambayo kiwanda kiliyafunika kwa nailoni tu. Sauti ya mgongo wa spika hupita humo, hukutana na ya mbele, na besi inajiua. Ukiyaziba besi inaongezeka bila kugusa redio. Ila mkeka mtupu juu ya tundu kubwa utapwitapwita, basi kata kipande cha bati la alumini, kifunge kwa skrubu, kisha ubandike butili juu yake. Usitumie ribiti (pini za chuma zisizofunguliwa kwa bisibisi): mota ya kioo ikifa, fundi atalazimika kupita hapohapo. Ziba kila upenyo, kwa sababu sasa butili ndiyo nailoni yako, na mwanya mdogo huleta maji kwenye zulia.

Zungushia utepe nyaya zote na fito za kitasa, ukiacha fito ziteleze. Sponji inakwenda mgongoni mwa kava, mahali linapogusa bati, isiwe nene kiasi cha kulisukuma klipu zisifunge. Spika ifungwe kwenye pete ya plastiki ngumu au mbao ya kustahimili maji. MDF tupu (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) huvimba msimu wa kwanza wa mvua. Spika za kiwandani kwenye Toyota nyingi zimepigwa ribiti, zitoe kwa drili. Mwisho, kata besi ya spika za milango chini ya hezi 60 hadi 80, mzigo huo ubebe subwufa.

Nyuma, anza na vitu vya bure. Rekebisha vile vizuizi vya mpira vinavyozungushwa kwenye mlango wa buti mpaka ufunge kwa kubana, bandika sponji nyuma ya kibao cha namba, kisha sikiliza tena. Mara nyingi butili ya buti haihitajiki kabisa.

Kabla ya kurudisha kava, unganisha betri, shusha na pandisha kioo taratibu ukisikiliza kama kinakwaruza mkeka. Kisha funga mlango, mwagia kioo maji kwa mpira, na uangalie kama yanatokea chini ya mlango au yanachungulia ndani.