Posa Iliyovuka Mkondo wa Pemba

Tulipanda meli Tanga tukiwa watu watatu wa upande wa mume: mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, shangazi yetu wa Chumbageni, na mimi niliyechukuliwa kwa sababu barua ya posa ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu na wazee walitaka mwandishi awepo endapo litaulizwa swali. Binti aliyekuwa akiposwa alikuwa kwao Mkoani, kusini mwa Pemba. Mposaji mwenyewe, mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwamo melini humo humo, lakini si pamoja nasi, kwa kuwa yeye ni baharia wa meli hiyo. Posa yake ilisafiri katika chombo kilichozaa mapenzi yake, naye yuko kazini, amevaa sare, na haruhusiwi kuketi na wajumbe wake.

Tulifika bandarini kabla ya jua kuchwa, wakati milima ya Usambara upande wa magharibi inapogeuka rangi na kisiwa cha Toten kinapoonekana karibu kuliko kilivyo. Mjomba alisimama muda mrefu akiitazama gati. Ujana wake aliutumia katika matishari, enzi ambazo meli kubwa zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa majini na kuvutwa hadi ufukoni kwa sababu kina cha gatini kilikuwa cha mita 3 tu. Sasa pamechimbwa hadi mita 13, na meli hufunga kamba gatini penyewe. Kutoka kwenye matishari alikwenda Mombasa kutafuta chombo kikubwa zaidi, akakipata, na kwa miaka mingi akawa mhudumu wa vyumba katika meli za kitalii za Wazungu. Ndiyo maana wazee walimchagua yeye kuwa mshenga. Walisema kwamba posa ya baharia ipelekwe na mtu anayeijua bahari, kwa sababu wakwe watauliza mambo ambayo sisi wa nchi kavu hatuna majibu yake.

Purukushani ya kwanza ilitokea kwenye ngazi ya kupandia. Mdogo wangu alikuwa pale ameshika orodha ya abiria, na shangazi alipomwona alifungua mikono akamwita kwa jina la utotoni, ambalo nyumbani lilitumika wakati wa kumbembeleza anywe dawa. Mabaharia wenzake waligeuka wote kwa pamoja.

"Shikamoo, shangazi," alisema kwa sauti ya chini. "Naomba tiketi na kitambulisho."

"Kitambulisho gani, baba? Mimi ndiye niliyekunyoa nywele za arobaini!"

Foleni ilisimama. Nyuma yetu walikuwapo akina mama wenye makapu na vijana wenye magodoro, na kila mmoja alikuwa na maoni yake kuhusu kijana asiyemjua shangazi yake. Ndipo alipotokea serahangi wa meli, yaani mkuu wa mabaharia wa sitahani, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, akasema kwa upole kwamba kijana anafuata amri yake, na kwamba katika ngazi ile hata mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akionyesha tiketi. Nilimwona shangazi akiipokea ile dua. Naye ni mjane. Alitoa tiketi bila neno jingine, akapanda taratibu, na alipofika juu aligeuka kuangalia kama mizigo imefuata, ingawa mizigo nilikuwa nayo mimi na nilikuwa mbele yake.

Usiku ulipokwisha kuingia tuliondoka, tukaacha taa za Raskazone kulia kwetu na kuelekea mlango wa ghuba. Mabaharia walipita wakionyesha namna ya kuvaa majaketi ya kuokolea maisha, na abiria walisikiliza. Hakuna anayepuuza mafunzo hayo katika njia za Pemba tangu usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu wakapotea. Kuna nyumba Pemba ambazo hadi leo huhesabu miaka kwa usiku ule. Mama wa binti tuliyekwenda kumposa ni mmoja wa wenye msiba huo, na bintiye alipopata nafasi ya kusoma chuo Tanga alimpa ruhusa ya kuvuka kwa sharti moja, kwamba asiketi melini kabla ya kujua jaketi liko wapi na linafungwaje.

Hivyo ndivyo walivyojuana. Katika safari yake ya kwanza binti alimwomba mdogo wangu amwonyeshe tena namna ya kufunga mikanda, naye akamwonyesha. Safari iliyofuata aliomba tena. Mdogo wangu, ambaye ni mtu wa kazi na si mwepesi wa kufahamu mambo ya namna hii, alimripoti kwa serahangi kwamba yupo abiria mmoja mwenye hofu kubwa ambaye mafunzo hayamwingii, na pengine apewe msaada wa pekee. Serahangi alikwenda mwenyewe kumfundisha. Binti akafunga mikanda yote kwa kupepesa jicho, bila kukosea, akamshukuru mzee, kisha akauliza yule kijana wa siku zote yuko wapi. Serahangi alirudi kwa mdogo wangu akamwambia aache kuandika ripoti, aandike barua kwao.

Mjomba alitusimulia hayo tukiwa tumeketi sitahani, na kisa kimoja kilivuta kingine. Kuhusu meli za kitalii anayo ya kusema usiku kucha, na mimi nayaamini kwa sababu huyasimulia pamoja na taratibu za kazi, kama mtu aliyelazimika kuzishika. Meli hizo hubeba abiria maelfu, na mabaharia pekee huweza kuzidi 1,000. Mhudumu hufunga mkataba wa miezi sita hadi tisa na hufanya kazi kila siku ya juma. Hulala chini, mara nyingi chini ya usawa wa maji, chumba kimoja na mwenzake. Katika kampuni nyingi akikutwa kwenye chumba cha abiria bila kazi iliyompeleka, hufukuzwa na kushushwa bandari inayofuata.

Kisa kilichomchekesha shangazi hadi akafuta machozi kwa upindo wa kanga ni cha mabwana wa dansi. Zipo meli ambazo huwachukua mabwana wenye umri mkubwa, watanashati, ili wacheze dansi na mabibi wanaosafiri peke yao, na sharti kuu ni kwamba bwana asimpendelee bibi mmoja kuliko mwingine. Bwana mmoja aliandamwa na mabibi wawili ambao kila mmoja aliandika katika daftari idadi ya dansi alizopewa mwenzake, na kila asubuhi madaftari yalifikishwa kwa msimamizi. Usiku mmoja bwana huyo alitoweka. Mjomba alimkuta katika chumba cha dobi, nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, akidai kwamba ameteguka mguu. Mguu ulikuwa mzima. Ilibainika kwamba moyo wake ulikuwa kwa mama mmoja Mfilipino aliyesimamia upigaji pasi, na kwamba usiku ule alikuwa akimfundisha hatua za dansi kati ya mashine mbili, bila muziki.

Kisha akaeleza zoezi la dharura. King'ora hulia mara saba kwa ufupi na mara moja kwa urefu, na kila abiria husimama mahali palipopangiwa chumba chake. Siku hizi zoezi hilo hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, kwa sababu Costa Concordia ilipogonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio huko Italia mnamo Januari 2012, walikuwamo abiria waliopanda siku hiyo hiyo ambao hawakuwa wamefanya zoezi. Lakini zamani sheria iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24, na saa hizo zina usiku ndani yake. King'ora kilipolia asubuhi, mjomba akiwa na orodha mkononi, alikuta wanaume wamesimama kwenye vituo vya vyumba visivyo vyao na mabibi wamevaa majaketi yenye namba za wengine. Bwana mmoja alipoulizwa namba ya chumba chake alikuwa ameisahau kabisa, na mkewe alikuwa kituo cha pili, akipunga mkono ili aonekane.

Shangazi akauliza kama si rahisi zaidi nahodha awafungishe ndoa humo humo baharini, jambo liishe. Mjomba alijibu kwamba hilo hutegemea bendera ya meli. Cunard, kampuni ya Uingereza, mwaka 2011 ilihamisha usajili wa meli zake zote tatu kutoka Southampton kwenda Hamilton, Bermuda, kwa kuwa sheria ya Uingereza haikuruhusu ndoa kufungwa baharini na wasafiri walikuwa wakizitaka. Shangazi alifikiri kidogo. "Na walii wa binti anapanda kwa tiketi ya nani?" Mjomba hakuwa na jibu, na nadhani nahodha wa Bermuda naye asingekuwa nalo.

Nataka nieleze hapa jambo ambalo visa hivyo vya kuchekesha hulifunika. Watu wetu husema kwamba baharia ana mke katika kila bandari, na mabaharia wenyewe wakiwa baraza hulichekea neno hilo, lakini mimi ninalikataa kwa moyo wote. Niliyoyasikia kwa mjomba yanaonyesha kinyume chake. Alimwona kijana wa Indonesia, mhudumu wa meza, akishushwa bandarini na begi lake kwa sababu abiria mmoja alimwandikia karatasi yenye maneno ya mahaba, naye akaihifadhi mfukoni badala ya kuipeleka kwa mkubwa wake. Hakuwa amemjibu. Kijana alirudishwa kwao kwa wazazi waliotegemea mshahara ule, na yule bibi aliyeandika alikula chakula cha jioni mezani pale pale, akahudumiwa na mwingine. Abiria akipenda melini, hurudi kwake na simulizi. Baharia akipenda, hupoteza kazi, au hubaki chomboni akiyavusha mashuka ya watu wengine. Kwa hiyo nilimwelewa mdogo wangu alivyokuwa akipita mbele yetu amekaza shingo, asitutazame. Alikuwa akiilinda mahari yake.

Tulipofika katikati ya mkondo, mahali ambapo bahari kati ya bara na Pemba ina kina kirefu sana, mawimbi yalianza kutusukuma ubavuni, na shangazi akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu Chumbageni. Mdogo wangu aliruhusiwa kumkaribia kwa sababu moja tu, kumletea kifuko cha kutapikia. Serahangi hakuwa na kizuizi hicho, au pengine kizuizi kilimhusu ila hapakuwa na mkubwa wa kumkumbusha. Alileta chai ya tangawizi katika chupa yake mwenyewe, akaleta ndimu iliyokatwa, kisha akasimama pembeni ameshika reli, akamwambia shangazi atazame mbali na asiyatazame maji ya karibu. Mazungumzo yakaanzia kwenye tangawizi yakaishia kwenye taarab. Wote wawili walikuwa vijana Tanga wakati vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipoufanya mji ule usikike pwani nzima, na ilionekana kwamba waliwahi kuhudhuria dhifa moja, kwenye harusi moja, pasipo kujuana. Shangazi alikumbuka mpaka rangi ya mapambo. Serahangi alikumbuka kwamba mvua ilinyesha. Mjomba alinigusa na kunong'ona kwamba kanuni za meli anazozijua yeye zingemshusha mzee huyo bandari inayofuata, na kwamba bandari inayofuata ni Mkoani, ambako sote tunashuka.

Mkoani tulifika alfajiri. Mji umekaa juu ya mlima, na ukitoka gatini huna budi kupanda; shangazi alipanda kwa nguvu mpya. Nyumbani kwa binti tulipokewa kwa heshima kubwa, tukapewa kahawa na kashata, na mazungumzo yakazunguka kwenye mavuno ya karafuu kama adabu inavyotaka. Mjomba akatoa barua iliyofungwa katika kitambaa cheupe pamoja na kishika uchumba. Baba wa binti aliifungua, akaisoma hadi mwisho, akausifu mwandiko, nami nikainama.

Hakuuliza mahari. Aliuliza ratiba ya meli. Alisema kwamba kijana anamjua, kwa kuwa amesafiri naye bila yeye mwenyewe kujua anatazamwa, na ameridhika naye. Lakini hatakubali bintiye aolewe na bwana harusi ambaye honi ikilia ataondoka ukumbini. Anataka siku ambayo meli imesimama na mabaharia wote wako nchi kavu. Mjomba, pamoja na ujuzi wake wote, alinitazama. Mimi nikatazama kahawa.

"Mwezi ujao inapandishwa kwenye chelezo kwa matengenezo," alisema shangazi. "Mabaharia wote wana likizo ya wiki mbili, isipokuwa serahangi, ambaye likizo yake inaanza siku mbili mbele."

Chumba kizima kiligeuka kumtazama. Mama wa binti, ambaye muda wote alikuwa kimya, alitabasamu akasema kwamba kama ni hivyo, na huyo serahangi aalikwe. Shangazi alitengeneza ushungi wake, akajibu kwamba amekwisha kumwambia.