Siku moja na daladala lisilo na breki

Jirani yangu anaamini sina kazi. Ananiona mchana kutwa na simu, nacheza gemu. Kweli nacheza, ila ni gemu moja tu, la daladala, tunalolitengeneza watu watatu kwenye chumba cha kupanga hapa Sinza. Kazi yangu ni kupokea malalamiko ya wachezaji wa majaribio na kutafuta kinachowauma hasa.

Saa 2 asubuhi. Chai, chapati, jumbe 41 kwenye grupu la WhatsApp. Nyingi ni "gemu gumu", basi. Matusi nayo nayasoma. Anayetukana angalau kacheza.

Saa 4. Rekodi zinaonyesha wachezaji 9 kati ya 12 wanaachia kwenye mteremko wa hatua ya tatu. Mwenzangu anataka tuulegeze. Nami nakubali.

Saa 6 mchana anaingia mzee mmoja, dereva mstaafu wa njia ya Mbagala. Shikamoo, marahaba, soda baridi. Ukimtazama mtu akicheza, sheria ni kufunga mdomo: usimwelekeze, usijitetee. Kesho atakayecheza yuko kwao na wewe hupo.

"Kijana, hili gari halina breki."

Linazo, nasema moyoni. Anagonga ukuta. Anarudia, anagonga tena. Umeme unakatika, feni inasimama, jasho linanitiririka mgongoni, na mzee bado anagonga. "Lingekuwa langu lingekuwa gereji." Uvumilivu ukaniisha, nikampa simu yangu aone kwamba tatizo ni yeye. Akasimama kituoni barabara, hata abiria hawakuyumba. Akarudi kwenye simu yake: ukutani. Akaziweka mbili pamoja mezani. "Haya ni magari mawili, kijana. Hili zima, hili bovu."

Alipoondoka sikumbuki ilikuwa saa ngapi. Nilifungua programu kwa chaji iliyobaki kwenye laptopu. Breki ilikuwa inapunguza mwendo kila mara skrini inapochora picha. Simu yangu huchora picha 60 kwa sekunde, yake 20. Mzee alikuwa akishuka mteremko na theluthi ya breki zangu. Nikarudi kwenye rekodi: wale 9 wote wana simu dhaifu, za RAM (kumbukumbu) ya GB 2 tu. Mstari wenyewe wa breki kwenye programu nimeuandika mimi, usiku mmoja wa Machi, na nakumbuka nilivyojisifu.

Supergiant, watengenezaji wa magemu, waliliuza gemu lao la Hades kuanzia Desemba 2018 likiwa halijakamilika, wakalijenga wakiwasikiliza wachezaji hadi Septemba 2020. Wale walikuwa na maelfu ya watu. Sisi tuna mzee wa Mbagala, na leo nusura nimwambie hajui kuendesha.

Usiku nikarekebisha breki ifuate muda, si picha. Mteremko sikuugusa. Nikamtumia toleo jipya, nikalala na viatu.

Saa 5 simu ikalia, ujumbe wa sauti: "Breki sasa safi. Ila huyu konda wako, mbona bubu?"