Barafu za Simba

Joto la Dar mwezi wa pili halina huruma hata kwa mbwa. Mbwa wangu Simba hushinda amejilaza kwenye vigae vya jikoni, ulimi nje. Basi namtengenezea barafu zake. Naponda ndizi mbivu moja, nachanganya na vijiko vinne vya mtindi usio na sukari, namimina kwenye trei, naweka kwenye friza usiku kucha. Siku nyingine ni tikiti maji, mbegu nimezitoa zote. Zabibu na chokoleti hagusi kabisa, ni sumu kwa mbwa. Siagi ya karanga nasoma kopo kwanza: ikiwa na zailitoli, kitamu cha badala ya sukari ambacho nacho ni sumu kwa mbwa, siinunui. Nampa barafu mbili tu. Ya kwanza huibana kwa miguu ya mbele, macho kafumba nusu, anailamba taratibu mpaka vigae vinalowa.