Daftari la maji na dawa

Mwalimu wa darasa aliniita kwa ajili ya utoro. Rejesta ilikuwa wazi mezani, na mwanangu alikuwa amekosa siku 11 katika muhula mmoja.

"Mama Salum, huyu mtoto anaishia wapi?"

Nikamjibu, "Haishii popote, mwalimu. Anaishia chooni."

Mwalimu alicheka, mimi sikucheka, maana tumbo la mtoto lilikuwa linamsumbua kweli. Nilirudi nyumbani Tandale, Dar es Salaam, na hasira. Nikachukua daftari la hesabu la Salum la mwaka uliopita, lenye kurasa tupu nyuma, nikaanza kuandika kila shilingi inayotoka. Nilitaka nikamwonyeshe mwalimu kwamba sisi si wazembe. Lakini mwezi ulipoisha daftari likanishtaki mimi.

Nauza samaki wa kukaanga. Alfajiri niko soko la samaki la Feri kununua vibua, jioni niko barazani na karai. Maji nilikuwa naletewa na kijana wa mkokoteni, dumu 500. Mwezi ule nilinunua madumu 96, ambayo ni shilingi 48,000. Bombani kwa jirani, mtaa wa pili, dumu ni 100. Madumu yaleyale yangenigharimu 9,600! Bei hiyo niliijua. Tatizo ni kwamba foleni ya bomba inaanza saa ambayo mimi niko Feri, na hela ya kununua pipa la kuhifadhia sikuwahi kuishika kwa mkupuo. Siku nikikosa hata 500, tulichota kisima cha uani. Anayeijua Tandale anajua kisima kile kiko hatua ngapi kutoka chooni, na mvua ikipiga wapo watu wanaotapisha vyoo usiku, uchafu utoke na maji ya mvua. Kuchemsha? Mkaa nanunua kwa kopo, na kopo lile ndilo la samaki.

Si kwamba hatukuambiwa. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam Agosti 2015 tulihimizwa sana kuchemsha maji. Hakuna aliyetuambia mkaa wa kuchemshia utatoka wapi.

Ukurasa wa dawa ndio ulionitia aibu. Duka la dawa: 1,000, tena 1,000, tena 2,500, na nyingine zaidi. "Nipe vya elfu moja," ndivyo nilivyokuwa nasema, kama nanunua nyanya. Tumbo linatulia siku mbili, linarudi. Jumla ilifika 7,500 na mtoto hajapona. Nilipompeleka zahanati, kadi, kipimo cha choo na dozi kamili havikufika 10,000. Alikuwa na amiba, vijidudu vya tumboni. Na kila siku niliyokaa naye nyumbani sikwenda Feri, kwa hiyo hata ile 1,000 ya dawa nilikuwa naikopa. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali ambayo ukishindwa kulipa wanabeba vyombo, sitaieleza hapa. Niliwahi kuchukua mara moja, na kitanda changu bado kipo kwa bahati tu.

Nikawaonyesha wapangaji wenzangu watatu lile daftari. Mama Rehema akasema lake lingekuwa baya zaidi, ana mtoto mchanga. Tukakubaliana kila mmoja atoe 2,000 kwa wiki. Fungu la kwanza lilipotosha tukanunua mapipa mawili yaliyotumika, yenye vifuniko. Zamu ya bomba tunapeana, mimi nachota Jumapili kwa sababu siendi Feri. Fungu la pili likawa gunia la mkaa, na hapo tukagombana. Gunia liliisha siku 12, kumbe baba mmoja mpangaji alikuwa anapigia pasi nguo za watu kwa mkaa wetu! Sasa mkaa uko chumbani kwangu na unapimwa kwa kopo, kila mtu anaona. Maji ya kunywa tunachemsha jioni kwenye jiko langu nikishatoa karai, maana moto bado upo na ulikuwa unapotea bure.

Kwenye vikoba vyetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, niliomba mfuko wa jamii, ambao ulikuwa wa misiba tu, uruhusu pia kukopa hela ya zahanati bila riba. Mwenyekiti alikataa wiki mbili. Alikubali mjukuu wake alipougua, sina la kuongeza.

Muhula uliofuata Salum alikosa siku 3, na moja ni kwa sababu sare ilikuwa mbichi, anayo moja. Nilimpelekea mwalimu habari hiyo mwenyewe. Alinipongeza, kisha akageuza ukurasa: hesabu amepata 18 kwa 50. Mada alizozikosa zile siku 11 hazikumsubiri. Elimu bila ada ilianza 2016 na nashukuru, lakini mtoto aliyebaki nyuma anafikishwa na twisheni, 500 kwa siku, bei ileile ya dumu la mkokoteni. Wenzake wanaoingia zamu ya mchana wanasoma twisheni asubuhi. Wangu asubuhi ananisaidia kuparua samaki.

Twisheni bado sijaiweza. Dada yake yuko kidato cha pili, anamfundisha usiku kwa taa ya simu, mada kwa mada. Aligoma wiki ya kwanza, akasema kazi bila malipo haifanyi. Sasa kila jioni namwekea kibua kimoja pembeni kabla sijaanza kuuza.