Dupleksi ya Milimani, na maji yake

Nimerudi Nakuru, na safari hii sikuja likizo. Miaka yote niliyokuwa Uingereza nikitunza wazee wa watu, nilikuwa nimeamua kwamba nitakaporudi nitatafuta nyumba mjini hapa, si shambani Njoro ambako ndugu zangu wameshagawana wakamaliza. Sasa kuna dupleksi, nyumba ya orofa mbili ndani ya jengo la ghorofa, inauzwa mtaa wa Milimani na nimeipenda kweli. Hata hivyo bado sijatoa hata senti, na nataka wenzangu mlio ng'ambo mnaotuma pesa za nyumba mjue kwa nini.

Sisi tuliolelewa mtaa wa Flamingo, Milimani tulikuwa tunapita tu. Nyumba moja ya vigae, kiwanja kipana, ua wa kaiyaba usioweza kupenya hata kuku, na mijakaranda ikimwaga maua barabarani. Nyumba hizo nyingi zimebomolewa. Tangu Nakuru ifanywe jiji tarehe 1 Desemba 2021, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, kila nikitembea naona mabati ya wajenzi. Sioni ubaya wowote familia nyingi kukaa alipokaa mzungu mmoja na mbwa wake. Swali langu ni kama mabomba na mitaro iliyowekewa nyumba moja imeongezwa.

Dupleksi yenyewe iko orofa ya tatu na ya nne. Chini sebule, jiko na choo cha wageni. Unapanda ngazi ya mbao iliyo mumo humo ndani, juu vyumba vitatu. Dirisha la chumba kikubwa linatazama Ziwa Nakuru, lile ambalo kwa miaka hii limepanda hadi likafunika lango kuu la zamani la mbuga. Bei anayotaka mwenyewe ni shilingi milioni 14.

Nilifungua mfereji wa jikoni, maji yakatoka kwa kasi nzuri. Nikamuuliza dalali yanatoka wapi.

"Tuna kisima chetu, madam. Hapa maji hayakatiki."

Aliyezaliwa Nakuru akisikia kisima anafikiria meno. Maji ya chini ya ardhi huku Bonde la Ufa yana madini ya floraidi kwa wingi kutokana na miamba ya volkano, na darasani kwetu watoto wenye meno ya kahawia hawakuwa wachache. Walichekwa kwamba hawapigi mswaki, maskini, na kumbe ni maji. Yakizidi sana kwa miaka mingi yanaumiza hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki pale pale. Ndiyo maana Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilishughulika kwa miaka na vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Kwa hiyo mtu akinisifia kisima, namwomba karatasi ya maabara. Dalali hakuwa nayo. Tulipokuwa tunashuka, keateka anayetunza jengo, mzee wa Molo mwenye upole, alinisogelea.

"Mama, ya kunywa hapa kila mtu ananunua ya mtungi."

Huyo mzee nilimshukuru kwa moyo wote.

Ukinunua nyumba ya namna hii, kuta zako ni sehemu tu ya ulichonunua. Kisima, tangi la juu, shimo la maji machafu, paa, ngazi na geti ni vyenu nyote. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa nyumba za vitengo inataka kila nyumba iwe na hati yake, inayoonyesha pia fungu lako katika vile vya pamoja, na wenye nyumba wawe na shirika lao la kusimamia jengo. Nilichoonyeshwa mimi ni mkataba wa ukodishaji wa muda mrefu, na kiwanja bado kiko kwenye hati moja ya mjenzi. Pampu ikiungua, nani anaitisha mkutano? Dalali alisema mjenzi "anashughulikia". Hilo si jibu la milioni 14.

Juu ya bei kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, yaani shilingi 560,000 hapa, halafu wakili. Malipo ya kwanza ya asilimia 10 yasipite mkononi mwa dalali hata kama ni mtoto wa shangazi yako. Yapite kwa wakili, baada ya sachi ya ardhi, yaani kuhakikisha kwenye rejista ardhi ni ya nani. Na mliochukua uraia wa nje kabla ya Katiba ya 2010, hakikisheni mmerudishiwa wa Kenya, kwa sababu asiye raia hapewi ardhi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99.

Nimepeleka chupa ya maji ya ule mfereji kupimwa. Wakili wangu amemwandikia muuzaji akitaka kuona ombi la hati ya kitengo na hesabu za ada ya huduma ya kila mwezi. Muuzaji amepiga simu kusema kuna mtu mwingine mwenye pesa taslimu. Nimemjibu kwa heshima kwamba naipenda nyumba yake, na huyo mwingine naye namwomba aulize kisima.