Nipe Mji

Ninafundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi iliyoko pembezoni mwa jiji la Tanga, na katika miaka yangu tisa ya kazi hii hakuna sauti iliyonidanganya kama ile ya watoto 72 wakiitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Darasa likiitika hivyo mwalimu hujiona amefundisha. Kumbe ndani ya kiitikio hicho mtoto anaweza kujificha muhula mzima asitamke neno lake mwenyewe hata moja, jambo ambalo mimi nililigundua kwa kuchelewa.

Mtoto aliyenifumbua macho alihamia kwetu kutoka Lushoto, akakaa kwa shangazi yake. Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za serikali tangu mwaka 1967, na sisi tuliozaliwa ndani ya lugha hii husahau upesi kwamba wapo watoto wa mkoa huu huu wanaofika shuleni na Kisambaa, Kidigo, Kibondei au Kizigua kinywani. Siku ya kwanza mtoto yule alisema "kalatasi". Nilimsimamisha, nikamtaka arudie "karatasi" mara tatu, wenzake wakacheka, nami kusema kweli sikuwakemea inavyopasa. Tangu siku hiyo akanyamaza. Katika daftari langu la maendeleo nikaandika kwamba ni mzito wa kuelewa, ingawa wakati wa mapumziko nilikuwa nikimsikia uwanjani akibishana na wenzake juu ya mpira kwa Kiswahili kisichokwama popote.

Kwanza nilijaribu kusubiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza madarasa ya sayansi miaka ya 1970, aliona kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kiasi cha sekunde 1 tu kabla ya kuingilia kati, na kwamba akisubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya wanafunzi hurefuka na wanaojitolea kujibu huongezeka. Nikawa nahesabu kimoyomoyo. Sekunde tatu za ukimya ni ndefu kuliko mtu anavyodhani, hasa kwa mwalimu mwenye mdomo mwepesi kama wangu, lakini watoto kadhaa walifunguka. Yeye hakufunguka, kwa sababu kwake ukimya ule ulikuwa ni macho ya darasa zima yakimkodolea.

Alasiri moja ya mvua, tuliposhindwa kutoka nje, nikaanzisha vitendawili. Nilitega: "Kuku wangu katagia mibani." Wakakisia, wakashindwa, nikasema, "Nipeni mji." Nyuma kabisa ikasikika sauti: "Chukua Lushoto." Nikaupokea na kujisifu kama ilivyo ada: nimekwenda Lushoto, nikakaribishwa, nikanywa madafu mpaka nikalala. Mtoto akasimama. "Lushoto hakuna madafu, mwalimu. Kule kuna mapeasi na balidi."

Safari hii sikumrekebisha. Nilimuuliza, "Baridi kweli? Baridi ya kuvaa sweta?" naye akaeleza kwa sentensi nne au tano, habari za ukungu wa asubuhi na bibi yake anayekoka moto, na katikati ya maelezo neno "baridi" likatoka sawasawa bila mtu kumwamuru. Jibu la kitendawili, nanasi, nusura tulisahau.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Katika maswali yangu ya kawaida asiyejua hakuwa na la kusema: ama abahatishe, ama ainamishe kichwa. Kitendawili kinampa asiyejua zamu yake na neno lake, tena neno lenye hadhi, kwa kuwa anatoa mji na mchezo unaendelea kwa sababu yake. Bibi zetu walilijua hili bila chuo chochote. Sisi tuliosomea ualimu tumelitunza kama burudani ya Ijumaa.

Sasa nimelihamishia katika masomo yote. Ninawagawa watoto sita sita chini ya mwembe, maana katika kundi la watu 72 zamu haifiki, na asiyejua jibu anaruhusiwa kutoa mji. Kelele zipo, na mwalimu mwenzangu wa darasa la jirani amelalamika mara mbili, kwa haki kabisa. Wapo pia wajanja wanaotoa mji kwa uvivu. Hao nawajua, nawarudia.

Mwezi uliopita nilimuuliza mtoto mmoja saba kujumlisha tano, akanipa Horohoro. Nikaupokea: nimefika Horohoro na mihogo saba begani, wenyeji wakaniongeza mitano, njia nzima nimeelemewa. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Pole mwalimu, umebeba mihogo kumi na miwili."